Parseli Zisizouzwa

Mazungumzo ya leo ni juu ya jambo ambalo likitajwa hapa mjini Mambasa watu hucheka kidogo, nalo ni kuhifadhi urithi katikati ya mji. Wanaocheka wana sababu yao. Ukitamka urithi, akili ya msikilizaji inakimbilia Zanzibar na milango yake ya nakshi, au Lamu na vichochoro vyake, au magofu ya Kilwa. Kisha mtu anageuza macho kwenye barabara yetu, anaona nyumba za miti na udongo, maduka ya mbao yaliyoezekwa mabati, jengo la matofali ambalo bado linapanda na pikipiki zinazongoja abiria, naye anauliza: hapa tuhifadhi nini? Nasema swali hilo lina jibu, ila tumezoea kulitafuta ukutani. Urithi wa mji kama huu umelala ardhini. Uko makaburini, sokoni, kwenye uwanja wa misheni, kwenye mabaraza yanayotazama barabara, kwenye vijia vinavyotoka nyuma ya nyumba na kuingia msituni. Kwa kuwa uko ardhini, adui yake mkubwa kuliko mvua au mchwa ni mauzo ya viwanja, na mtu wa kwanza kuulinda ni mpima ardhi mwenye kamba na daftari, kabla hata fundi mwashi hajaitwa.

Tutazame kwanza namna mji ulivyopata kuwa mahali ulipo. Mambasa iko kilomita 165 hivi magharibi ya Bunia, pale ambapo barabara ya taifa namba 4, inayopita Komanda kwenda Niania na Kisangani, inakutana na barabara inayotoka Beni. Ni makao ya teritware yenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 36,000, yaani pana kuliko Ubelgiji iliyotutawala, na inachukua zaidi ya nusu ya mkoa mzima wa Ituri. Karibu eneo lote hilo ni msitu. Mji uliozaliwa katikati ya msitu wa namna hiyo haukuzaliwa kwa bahati. Mwaka 1887, mpelelezi Stanley alipokuwa akipanda na mto Aruwimi na Ituri kumtafuta Emin Pasha, alikuta wafanyabiashara wa pembe na watumwa wamekwisha kutangulia; huko Ipoto, kituo cha mfanyabiashara Kilonga-Longa, aliwaacha maofisa wake wawili, walioteseka kwa njaa. Wafanyabiashara wale, watu wa Manyema na wa pwani, ndio walioacha hapa lugha hii ninayoisema sasa hivi. Baadaye wakaja Wabelgiji na barabara yao. Vijiji vya Walese, vya Babila na vya wengineo, vilivyokuwa vimetawanyika msituni na kuhama kila ardhi ilipochoka, viliamriwa kusogea kando ya barabara ili watu wahesabike, walipe kodi, walime mazao ya lazima na watunze njia yenyewe. Mstari wa nyumba ulionyooka unaouona leo ukipita kwa gari, ambao mgeni hudhani ni desturi ya watu wa msituni, ni alama ya amri hiyo.

Tabaka za historia hazikuishia hapo. Wamisionari Wakatoliki wa Moyo Mtakatifu walifungua vituo vyao, na mmoja wao, Padri Bernardo Longo kutoka Italia, aliyefanya kazi Nduye karibu na Wambuti, wawindaji wa msituni, aliuawa hapa Mambasa tarehe 3 Novemba 1964 wakati wa uasi wa Simba. Barabara ikafa miaka mingi, hata bidhaa zikawa zinasukumwa kwa baiskeli kutoka Beni na Butembo hadi Kisangani, mwendo wa majuma. Kuanzia Oktoba 2002 askari wa makundi ya waasi ya MLC na RCD-N wakaupigania mji huu dhidi ya kundi la RCD-K/ML, na operesheni ile waliyoiita kwa Kifaransa jina la kufuta ubao iliwaachia wakazi mauaji, ubakaji na uporaji ambao wachunguzi wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, waliuandika mwanzoni mwa 2003. Kisha barabara ikakarabatiwa, malori yakarudi, na pamoja nayo wakaja wakulima wa kakao, wachimba dhahabu, wakata mbao na wenye maduka, wengi wao kutoka Kivu Kaskazini. Hakuna kizazi hata kimoja katika mji huu ambacho hakikumwona mtu akifika au mtu akikimbia.

Sasa angalia kilichobaki cha yote hayo kwa macho. Nyumba ya miti na udongo, isipotiwa mikono kila baada ya misimu michache, inarudi kuwa udongo. Paa la majani lina umri mfupi zaidi. Hata Mmarekani Patrick Putnam, aliyejenga kambi yake kando ya mto Epulu katika miaka ya 1930, akatibu wagonjwa na kulaza wageni, hakuacha jumba; baada ya kifo chake mwaka 1953 msitu ulichukua majengo yake kama unavyochukua shamba lililolala. Ndiyo maana mtu anayekuja na fomu ya kuorodhesha majengo ya kale ataondoka Mambasa na karatasi karibu tupu. Kosa ni la fomu. Inauliza jengo lina miaka mingapi, wakati hapa kinachodumu ni mahali: watu walizikwa wapi, soko lilikaa wapi, maji yalichotwa wapi, wazee walikaa upande gani wa barabara kusikiliza kesi. Majengo yanabadilishwa juu ya mahali hapo mara tano katika maisha ya mtu mmoja, na mahali panabaki pale pale, hadi siku panapopimwa na kuuzwa.

Kuna atakayesema kwamba ninajaribu kuvipa udongo na majani hadhi ambayo havina. Namwomba atazame Kampala. Makaburi ya Kasubi, wanapolala wafalme wa Buganda, ni nyumba kubwa ya nguzo za miti, matete na nyasi, iliyoanza kama jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882 na kugeuka kaburi lake miaka miwili baadaye. UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 ikateketea kwa moto usiku mmoja. Kama urithi ungekuwa ni zile nyasi, basi habari ingeishia hapo, kwa sababu hakuna awezaye kukarabati majivu. Lakini mahali palikuwepo, na koo zenye kazi ya kuezeka zilikuwepo na ujuzi wao. Nyumba ikajengwa upya, na mwaka 2023 Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ilichukua miaka kumi na mitatu, na ugomvi haukukosekana. Hata hivyo imetupa kipimo: kwa majengo ya vitu vinavyooza, vya kulinda ni viwili, kiwanja na watu wanaojua kujenga. Kuta zitafuata.

Hapa Mambasa kiwanja cha namna hiyo si cha wafalme. Chukua baraza. Katika vijiji vya kando ya barabara za Ituri, mbele ya nyumba au katikati ya mji mdogo, husimama kibanda kisicho na kuta, paa tu juu ya nguzo, na chini yake viti au magogo ya kukalia. Pwani baraza ni benchi ya mawe iliyoshikamana na nyumba; huku imejitenga, imekuwa chumba cha umma. Hapo ndipo mahari hujadiliwa, kesi husikilizwa, mgeni hupokelewa, Mwambuti aliyeleta asali au nyama hukaa na mwenye shamba wakaelewana juu ya mchele na ndizi. Turnbull, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa Epulu katika miaka ya 1950, alilitumia neno hilo hilo katika maandishi yake, kwa sababu huwezi kueleza maisha ya barabara ile bila kulitaja. Barabara inapopanuliwa baraza ndiyo ya kwanza kuondoka, maana iko mbele kabisa. Mwenye kiwanja anapojenga safu ya maduka, anajenga mpaka ukingoni, kwa hiyo baraza hairudi. Hakuna aliyekusudia kuiua. Imekufa kwa sababu katika ramani ya kiwanja haikuandikwa kuwa kitu.

Wanaopenda mfano wa Zanzibar nao wasikilizwe, ila kwa uangalifu. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, una mpango wa mji uliotengenezwa kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, na uko katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000. Pamoja na hayo yote, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati na kuua watu. Siwasimangi Wazanzibari, kutunza mawe ya matumbawe na mbao za mikoko katika hewa ya chumvi ni kazi ya kuvunja mgongo, na fedha zake hazipatikani kirahisi hata kwa mji wenye watalii. Ninachosema ni kwamba chombo kile ni ghali na kimeundwa kwa ajili ya kuta. Tukikileta hapa kama kilivyo, tutaunda kamati, tutapata posho za mikutano, na hatutapata kiwanja kimoja kilicholindwa.

Tuna mfano wetu wa karibu, tena una funzo chungu. Kilomita 70 hivi kutoka hapa kuelekea Kisangani iko Epulu, makao ya Hifadhi ya Okapi. Ilianzishwa mwaka 1992, ikaingia urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya hatari ambamo imeendelea kukaa. Tarehe 24 Juni 2012 wanamgambo wa Morgan waliishambulia Epulu, wakaua watu, wakachoma na kupora, na katika okapi 14 waliokuwa wanatunzwa kituoni hakubaki hata mmoja. Wapo wanaolitaja shambulio lile kama ujambazi tu wa watu wa pembe za ndovu na dhahabu, na kweli ujambazi ulikuwepo. Lakini hifadhi yoyote inayoonekana na jirani zake kama mali ya wengine huwa na adui wengi kuliko walinzi. Kazi iliyoleta utulivu zaidi kule, kwa maoni yangu, ilikuwa ile ya kukaa na vijiji na kuchora mipaka: hapa ni mashamba, hapa ni uwindaji wa desturi, hapa haguswi mnyama. Ramani iliyochorwa na watu wenyewe ilitenda kile ambacho kibao cha marufuku hakikuweza. Nawauliza wenye mji: kama vijiji vya msituni viliweza kukubaliana mahali shamba linapokoma, je, sisi wa mjini tunashindwaje kukubaliana mahali makaburi yanapoanza?

Msidhani pia kwamba msitu na mji ni habari mbili. Mbao zinazopita njia panda zikielekea Uganda na Kenya, libuyu na jamii zake, dhahabu inayouzwa vibandani, kakao inayoanikwa kando ya barabara, vyote vinatoka kwenye ardhi ambayo jana ilikuwa ya miti ya mbau na asali. Fedha hizo ndizo zinazonunua matofali na saruji za katikati ya mji. Mtu akipata faida, anachotafuta kwanza ni parseli ya mbele, kwenye barabara. Parseli za mbele hazizaliani. Kwa hiyo bei inapanda, na inapopanda, kila eneo ambalo halina jina la mtu linaanza kuitwa tupu: kona ya soko, ukingo wa makaburi, sehemu ya uwanja wa shule, kijia cha kwenda majini. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Leta, yaani dola, na kwamba haki za jamii juu ya ardhi za kimila zingewekewa utaratibu kwa amri ya Rais. Kwa zaidi ya miaka arobaini amri hiyo haikutolewa. Ufa huo ndio mlango wanaopitia wauzaji: shefu anauza kwa mila, ofisi ya ardhi inatoa karatasi kwa sheria, mnunuzi wa tatu anakuja na askari, na mwenye kaburi la babu yake hana pa kushtakia kwa kuwa kaburi halina hati.

Ninachopendekeza ni kidogo mno kuliko mnavyotarajia. Kabla ya mtaa mpya kupimwa na kabla ya barabara kuwekwa lami, mji uandike orodha ya maeneo yasiyouzwa, yachorwe, yawekewe mawe ya mipaka, na nakala zikae mahali pasipopungua patatu: kwenye ofisi ya teritware, ofisi ya ardhi Bunia, na kwenye misheni au kanisa ambalo watu wote wanaliamini. Mji uliokimbiwa mara kadhaa haupaswi kuweka karatasi zake katika kabati moja. Sheria ya 1973 tayari inataka uchunguzi ufanyike kabla ya kutoa ardhi ya vijijini, wapimaji waende mahali, wawasikilize wakaaji, waandike haki wanazozikuta. Uchunguzi huo mara nyingi hufanywa kwa kalamu mezani. Ukifanywa kwa miguu, na mistari mitatu ikiongezwa kwenye fomu, makaburi, maji na njia, nusu ya kazi ya uhifadhi imekwisha bila kuunda ofisi mpya. Ipo pia sheria ya 15 Machi 1971 ya kulinda mali za kitamaduni, inayoiwezesha Leta kuorodhesha mahali na kuzuia pasiharibiwe. Sheria ile ilitungwa Kinshasa na macho yake yako kwenye sanamu na vinyago, lakini haimkatazi mtu wa Mambasa kuitumia kwa ajili ya baraza.

Upande wa ujenzi mpya, sina ugomvi na matofali. Anayemtaka mama mwenye watoto aendelee kulala chini ya paa linalovuja ili mgeni apate picha nzuri, huyo hana nafasi katika mazungumzo haya. Ghorofa zijengwe. Zijengwe nyuma ya mstari, na mbele yake kiachwe kivuli, yaani paa lililotokeza juu ya nguzo ambapo mteja, msafiri na mzee wanaweza kukaa bila kununua kitu. Hiyo ni baraza katika mavazi ya saruji. Mwenye duka hapotezi. Katika nchi ya mvua kama hii, mteja anakimbilia penye kivuli. Naijua hoja itakayokuja, kwamba mita mbili za mbele ndizo za thamani. Ni kweli. Lakini mita hizo hizo ndizo atakazovunjiwa barabara ikipanuliwa, kama walivyovunjiwa wengi katika miji yetu waliojenga hadi mtaroni. Afadhali aziachie mapema, akijua, kuliko kuzipoteza kwa tingatinga.

Sasa nije kwenye pingamizi lenye uzito wa kwanza. Watu watasema: tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa, jeshi ndilo linalotawala, waasi wa ADF wanachinja wakulima kati ya Biakato na Mambasa, wakimbizi wamejaa, na wewe unatuletea habari za mabaraza. Pingamizi hili nalichukua kwa unyenyekevu, kwa sababu maisha yanatangulia. Lakini fikirini wakimbizi wanapofika mjini wanakaa wapi. Wanakaa kwenye maeneo ya wazi: uwanja wa shule, wa kanisa, wa mpira. Mji uliouza kila kipande hauna pa kumpokea mtu. Fikirini pia kinachotokea utulivu ukirudi. Aliyekimbia anarudi na kukuta parseli yake ina nyumba ya mwingine, na hapo vita vidogo vinaanza ndani ya amani. Kuandika mipaka wakati wa hatari si anasa. Hatari ndiyo inayofuta mipaka, na wapo wanaoingojea kwa hamu ili wanunue kwa bei ya kutupa.

Pingamizi la pili linanitisha zaidi, nami sitalipita haraka. Katika mkoa huu neno urithi linaweza kuwa panga. Vita vya kati ya 1999 na 2003 kule Djugu na Irumu vilianza na ugomvi wa mashamba, vikalishwa na maneno ya nani alitangulia na nani amekuja juzi, na maelfu kwa maelfu wakafa. Ukimwambia mtu leo kwamba Mambasa iandike urithi wake, huenda mmoja akasikia: tuandike kwamba mji ni wetu Babila, au wetu Walese, na Wanande, wale waliokuja kutoka Kivu Kaskazini, warudi walikotoka. Na Mnande aliyenunua parseli yake kwa jasho la kakao atasikia: wanatafuta sababu ya kunifukuza. Ikiwa orodha itatengenezwa kwa nia hiyo, ni heri isitengenezwe kabisa. Hilo nalisema bila kumung'unya. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba orodha iwe ya mahali na matumizi, isiwe ya makabila. Makaburi yaandikwe kuwa makaburi, na humo watu wa kila kabila wamelala. Soko liandikwe kuwa soko, nalo limejengwa na wageni kuliko wenyeji. Mahali walipouawa watu mwaka 1964 au 2002 paandikwe bila kuuliza marehemu alizungumza lugha gani nyumbani. Historia niliyoieleza mwanzoni inatusaidia hapa: hata mstari wa vijiji unaodaiwa kuwa wa asili uliwekwa na Wabelgiji, na hata Kiswahili kinachotuunganisha kilikuja na misafara. Mji huu kwa asili yake ni njia panda. Anayetaka kuugeuza kijiji cha ukoo mmoja ndiye anayepotosha urithi wake.

Wapo watu wa jamii moja tu ambao haki yao inadai kutajwa kwa jina, nao ni Wambuti. Wao hawakupata parseli za mbele kamwe. Mji ukikua, kambi zao husukumwa nyuma, kisha nyuma ya nyuma, na kijia kilichowatoa msituni hadi barazani hugeuka kuwa uzio wa mtu. Sheria namba 22/030 ya 15 Julai 2022 imewatambua kama watu wa asili na kuwapa ulinzi wa haki zao, pamoja na haki juu ya ardhi na mali asili wanazozitumia. Wengi wanadhani sheria hiyo inahusu kina cha msitu peke yake. Mimi naona jaribio lake la kwanza liko hapa mjini, kwenye njia ya miguu yenye upana wa mita mbili ambayo mpimaji anaweza kuiacha wazi au kuifuta kwa mstari mmoja wa rula. Na isiachwe kwa ajili ya ngoma za watalii. Iachwe kwa sababu watu wanaitumia kwenda sokoni, zahanati na shule.

Wengine watauliza kwa nini tutunze alama za wakoloni na za wauza watumwa. Kwa ufupi: kwa sababu hiyo hiyo iliyowafanya Wazanzibari wasifiche kwamba kanisa kuu la Mkunazini limesimama palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Kuweka jiwe la ukumbusho si kumtukuza aliyetenda.

Linabaki swali la nani alipe. Kupima maeneo machache, kuyawekea mawe na kuchora ramani moja hakuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Kila lori la mbao linalovuka njia panda linalipa ushuru wa namna nyingi, rasmi na usio rasmi, na kila meza ya soko inatozwa. Sehemu ndogo ya fedha hizo, ikitengwa wazi wazi na kutangazwa hapa redioni kila mwezi, ingetosha kumlipa mpimaji na vibarua wake. Kazi ianze na makaburi, kwa kuwa huko hakuna mfanyabiashara atakayethubutu kusimama hadharani na kupinga, na kwa sababu wazee wanaojua mipaka yake ya kale wanapungua. Soko lifuate, maana hapo ugomvi utakuwa mkubwa na ni vizuri wapimaji wawe wamekwisha kuaminiwa. Mabaraza na vijia viende pamoja na upimaji wa kila mtaa mpya. Ofisi ya teritware inaweza kuamua hivyo bila kungoja Kinshasa, mradi machifu, makanisa, msikiti na wawakilishi wa wafanyabiashara waitwe siku moja, wakae mahali pamoja, na ramani itandikwe mbele yao kabla ya parseli nyingine kutiwa sahihi.